Kibanda cha Mbwa Kilichochorwa Edmonton

Shemeji yangu anaishi Edmonton, nchini Kanada, na mwaka jana alinitumia mchoro wa kibanda cha mbwa alichokijenga uani kwake kwa mikono yake. Kwa kuwa mbwa wangu, Simba, alikuwa akilala juu ya saruji tupu kando ya lango la nyuma hapa Kisauni, niliupokea mchoro ule kama ulivyo na kumkabidhi fundi seremala. Kosa lilikuwa langu mimi, kwa maana mchoro wenyewe ulikuwa umefikiriwa vizuri kabisa.

Kule kwao baridi ya usiku huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na ndani ya kibanda hakuna kinachotoa joto isipokuwa mwili wa mbwa mwenyewe, ambao kwa kawaida huwa na nyuzi 38 na kitu. Kila kipimo cha shemeji kimekusudiwa kulizuia joto hilo lisitoroke. Kibanda ni kidogo kwa makusudi, kiasi cha mbwa kusimama, kujigeuza na kujikunja tu, kwani chumba kikubwa kingemshinda kukipasha joto. Mlango ni mwembamba, umewekwa pembeni badala ya katikati ili upepo usimpige mbwa moja kwa moja, na mbele yake linaning'inia pazia la mpira mzito. Kuta, sakafu na paa vina matabaka matatu: plaiwudi nje, plaiwudi ndani, na katikati inchi 2 za povu gumu jeupe, la aina ile inayofungiwa televisheni mpya, ambalo halina budi kufunikwa pande zote kwa sababu mbwa hulitafuna. Malazi ni mabua makavu ya ngano, si blanketi, kwa kuwa kitambaa hunywa maji na kikishalowa huganda.

Fundi alikijenga vilevile, isipokuwa juu aliezeka mabati, na badala ya mabua nikatandika magunia. Simba alikinusa, akaingia, akatoka, kisha akaenda kulala chini ya mwarobaini. Ulikuwa mwezi wa Februari, majira ya kaskazi, wakati joto la mchana hufika nyuzi 32 na hewa yenyewe imebeba unyevu wa bahari. Nilimlazimisha kwa siku mbili, jambo ninalolijutia, hadi nilipoingiza mkono mle ndani saa nane ya mchana na kuelewa alichokuwa akikikimbia.

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Jasho lake ni dogo mno na liko kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema, maji ya ulimini na kooni yakigeuka mvuke na kuondoka na joto. Mfungie ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, na mvuke wa pumzi yake utajaa humo mpaka kuhema kusimfae kitu. Joto lile lile la mwili linalomwokoa mbwa wa shemeji ndilo lililokuwa likimtesa wangu.

Fundi alishauri tulitupe povu lote. Nilikataa nusu. Povu halina habari na baridi wala joto. Hewa iliyonaswa ndani ya vitundu vyake huchelewesha joto kupita, liwe linatoka au linaingia, na kwetu adui hushukia juu ya bati. Kwa hiyo tuliliacha paani peke yake, chini ya mabati, tukayapaka mabati rangi nyeupe. Kuta tatu tulizibomoa na kuweka fito zilizoachiana nafasi ya vidole viwili. Ukuta wa upande wa kusini ulibaki mzima, kwa sababu mvua za masika huja zikisukumwa na kusi, na mwezi wa Mei hunyesha kwa mshazari kiasi kwamba paa pekee halitoshi. Tulikiinua kibanda futi moja kutoka ardhini juu ya mawe ya matumbawe, upepo upite chini na mchwa wasipande bila kuonekana. Fundi alitaka kuipaka miguu oili chafu ya gari kama ilivyo desturi, nikamzuia, kwa kuwa mbwa hulamba kila kitu na oili ile ni sumu.

Kuta zile za matabaka zilikuwa na dosari nyingine, nayo ni kupe. Kupe wa mbwa hupenda kupanda ukutani na kutagia katika nyufa, na kati ya plaiwudi mbili angepata mji mzima. Sasa sakafu huinuliwa na kuanikwa juani kila Jumamosi.

Mahali pa kukiweka palinichukua muda zaidi kuliko ujenzi. Kwa sisi wafuasi wa Imamu Shafii, kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na ingawa mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, si haki kumweka karibu na bomba au njia wanayopita majirani waendao msikitini. Nilikisogeza hadi pembe ya nyuma, chini ya mwarobaini ule ule aliouchagua Simba mwenyewe.

Shemeji alipoona picha aliuliza kuta zimekwenda wapi. Dada yake, yaani mke wangu, aliuliza kwa nini mbwa awekewe dari kabla ya kibaraza chake cha nyuma, kwa hiyo povu lililotoka kutani limekwisha kupanda huko, nalo limefunikwa kwa plaiwudi ile ile.