Sahani Nilizozitupa

Sahani nne za kuoteshea kuvu nilizitupa mwenyewe, alfajiri, kabla mtu mwingine hajafika maabara. Nilizitupa kwa aibu.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, na kazi yangu ilikuwa kuitafuta kuvu inayoitia mikaratusi madonda ya shina: gome linapasuka, utomvu unachuruzika, ukilibandua unakuta mti umekuwa kahawia chini yake. Mwezi wa kwanza wote niliuharibu. Nilikuwa nikikata katikati ya donda, palipokufa kabisa, na kila mara iliota Trichoderma, kuvu nyingine ya kijani. Mwalimu wangu aliushika mkono wangu pamoja na kisu akausogeza hadi ukingoni, pale kahawia inapopakana na weupe.

“Muuaji yuko mpakani,” alisema. “Hao wa katikati wamekuja matangani tu.”

Tangu siku hiyo vipande vyangu, vikishaoshwa kwa spiriti na klorini, vilitoa kuvu moja: nyuzi nyeupe zinazogeuka kijivu, kisha nyeusi, na kuijaza sahani kwa siku nne. Balaa ni kwamba hata tawi la kulinganishia, lenye afya, lisilo na mkwaruzo, lilitoa ileile. Nikajua sikuosha vizuri. Nikatupa.

Nikaendelea na zile za dondani. Kutoa DNA kulikwenda vizuri. PCR, njia ya kuzidisha nakala za kipande cha DNA, ilikataa mara ya kwanza, ya pili ikakubali, mstari mmoja safi kwenye jeli, besi, yaani herufi za DNA, kama 550 za ITS, sehemu ya DNA ambayo watu wa kuvu karibu wote huanzia. Nikalinganisha mfuatano wake na GenBank, hazina ya mifuatano ya DNA. Jibu: Neofusicoccum parvum, asilimia 100. Mstari wa chini yake: Neofusicoccum ribis, asilimia 100. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. ITS haiwatenganishi ndugu hawa. Ikabidi nisome na jeni nyingine, tef1 na beta-tubulini, wiki tatu zaidi, ndipo parvum ikajitenga.

Nilimpelekea mwalimu jina hilo nikitembea kwa maringo. Akalitazama, akauliza jambo moja tu: “Na lile tawi lenye afya lilitoa nini?”

“Halikutoa kitu, mwalimu.”

Akakaa kimya kidogo. Kisha akanieleza, bila ukali, kwamba kuvu za jamii ya Botryosphaeriaceae huishi ndani ya mti usioumwa, zimetulia, hata miaka, mpaka ukame au jeraha liudhoofishe mti ndipo zianze kuua. Angeshangaa kuona tawi limetoka tupu.

Masikio yaliniwaka moto. Nikafungua daftari mbele yake, kwenye ukurasa ambao sahani namba 13 hadi 16 nilizipiga mstari. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akachukua kisu changu, akakipitisha kwenye moto wa taa ya spiriti, akanirudishia.

“Kalete tawi lingine.”