Utafiti wa darasani: hatimaye kwaya imepata safu yake

Leo kapa, kile kipimo cha jinsi watu wawili wanaoweka alama kwenye rekodi zilezile wanavyokubaliana kuzidi kubahatisha, imekubali. Naandika kabla sijazima kompyuta kwa sababu suala hili limenikaa kooni tangu muhula uanze, na najua wapo walimu wenzangu wa lugha wanaohangaika na jambo hilohilo kwenye madarasa yao makubwa.

Kwa mliofuata kumbukumbu zilizopita: nachunguza kinachotokea baada ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza kusahihishwa kosa la Kiingereza mbele ya wenzake. Nataka kujua anasema nini yeye mwenyewe mara tu baada ya mwalimu kusema. Shule yetu ni ya kata, upande wa Ilemela, Mwanza. Watoto wamesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, wengi nyumbani wanazungumza Kisukuma, kisha wakifika kidato cha kwanza vitabu vyote vimegeuka Kiingereza. Sahihisho likipotea hewani, hasara yake mtoto anaibeba hadi kwenye Biolojia na Jiografia. Ndiyo maana siwezi kuliacha.

Makundi ya kuanzia ya kupangia masahihisho niliyachukua kwa Roy Lyster na Leila Ranta, utafiti wao wa 1997 kwenye madarasa ya shule ya msingi Kanada, watoto wanaofundishwa kwa Kifaransa, saa 18.3 za rekodi. Walipata aina sita za sahihisho. Iliyotumika zaidi ni ile ya mwalimu kuirudia sentensi ya mtoto ikiwa imenyooshwa, asilimia 55 ya masahihisho yote, lakini watoto waliiitikia asilimia 31 tu ya nyakati. Ile ya kumdai mtoto aseme mwenyewe ilikuwa asilimia 14 tu ya masahihisho, na iliitikiwa asilimia 100. Nilipoanza kuweka alama kwenye rekodi zetu, kumdai mtoto kukatoka vilevile: kila nilipodai, jibu lilikuja, tena kwa kishindo. Mtu angeweza kuishia hapo akaandika ripoti safi.

Lakini sikilizeni hiki kipande, nimekinukuu kama kilivyo:

Mwanafunzi: My brother go to Kamanga yesterday.
Mwalimu: Yesterday he wen...?
Darasa zima: Weeent!
Mwalimu: Good. Sit down.

Yule mwanafunzi hakufungua mdomo tena. Amekaa. Kwenye daftari lake, zoezi la kipindi hichohicho, ameandika “Yesterday my mother go to the market.” Na kwenye jedwali langu tukio lile lilikuwa limejaa sifa zote: sahihisho la kudai, limeitikiwa, limerekebishwa.

Walimu wote wa huku tunaujua mtindo wa kukata neno. Tumefundishwa nao, tunafundisha nao. “This is called photosyn...?” na darasa linamalizia. Sasa tatizo ni kwamba kwenye orodha ya Lyster na Ranta, kukatisha sentensi ili mtoto amalizie ni mojawapo ya njia halali za kumdai aseme. Kwao aliyekosea ndiye anayemalizia. Kwetu anamalizia umati. Na mwitiko wao umefafanuliwa kama kauli ya mwanafunzi inayofuata mara baada ya mwalimu. Mwanafunzi, mmoja. Ufafanuzi ule haujawahi kukutana na watoto themanini wanaomalizia silabi moja kwa pamoja.

Mwenzangu wa somo la Kiswahili, ambaye amekubali kuwa mtu wa pili wa kuweka alama, ndiye aliyenibana. Tulikuwa ofisi ya walimu, kila mtu na karatasi yake.

“Mwalimu, hapa umeandika wamerekebisha. Nani amerekebisha?”

“Darasa.”

“Darasa ndilo lililosema ‘go’?”

Yeye kila penye kwaya, yaani darasa zima kujibu kwa pamoja, alikuwa ameandika “hakuna mwitiko”. Mimi nimeandika “upo”. Asilimia ya kukubaliana kwetu ilikuwa inaonekana ya kuridhisha kwa jumla, na hapa ndipo nawaomba wenzangu msiishie kwenye asilimia. Jacob Cohen alitoa kapa yake mwaka 1960 kwa sababu hii hasa. Chukua matukio 100, sisi wawili kila mmoja ameandika “ameitikia” kwenye 85. Hata tungejaza tumefumba macho, tungegongana kwa bahati tu karibu mara 75: 0.85 mara 0.85 ni 0.7225, na 0.15 mara 0.15 ni 0.0225, jumla 0.745. Tukikubaliana kwenye matukio 78, macho yanasema asilimia 78, safi. Kapa inasema 0.78 toa 0.745, gawanya kwa 0.255, unapata kama 0.14. Yaani karibu na kubahatisha. Alama moja ikitawala jedwali, asilimia inakudanganya mchana kweupe.

Njia ya mkato ilikuwepo, na tuliijadili: tukubaliane kwamba kwaya ni mwitiko, basi. Kapa ingeruka juu siku hiyohiyo. Lakini huo ungekuwa uthabiti (kukubaliana) bila uhalali (kupima kile hasa unachodai kupima). Watu wawili wanaweza kukubaliana kila mara na wote wakawa wanahesabu kitu ambacho sicho. Vitabu vingi vya mbinu za utafiti vinaviweka viwili hivi katika aya moja kama mapacha, mwanafunzi wa chuo anavikariri kwa mtihani na kusonga mbele. Darasani ndipo unapoona vinavyoweza kuvutana, ukiongeza kimoja unakiua kingine. Nilikataa njia hiyo na mwenzangu naye alikataa, nashukuru.

Kilichotufungua ni simu ya pili.

Hadi hapo rekodi zote zilitoka kwenye simu iliyolala juu ya meza ya mwalimu, juu ya sweta lililokunjwa ili isinase milio ya kalamu na madawati. (Mkuu wa shule aliridhia, wazazi waliarifiwa kikaoni, na hakuna jina la mtoto linalotoka nje ya daftari langu.) Simu ya pili tukaiweka dawati la nyuma kabisa, upande wa dirisha linalotazama mawe. Kipindi kikianza mwalimu anapiga kofi moja. Kofi hilo linaonekana kama mwiba kwenye rekodi zote mbili, na ukishaioanisha miiba katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, unasikia darasa kutoka mbele na kutoka nyuma kwa wakati mmoja.

Kwaya siyo sauti moja. Kutoka meza ya mwalimu inasikika “Weeent!” nzito, imeshiba. Kutoka nyuma unasikia sauti tatu nne za mbele zikianza, halafu wengine wanadandia wakati neno limeshafika katikati. Wa nyuma wengi wanaitikia irabu tu: “eeent”. Wanaitikia walichosikia kwa wenzao, hawakukitoa wenyewe. Ukiwa mbele na chaki mkononi huwezi kulijua hilo hata ufundishe miaka mingapi.

Basi tukavunja ile alama moja ya “mwitiko” kuwa safu tatu ndogo. Ya kwanza: nani amesema, yaani aliyekosea, mwingine mmoja, au kwaya. Ya pili: amesema nini, sentensi kamili, neno kamili, au mkia wa neno ambalo mwalimu amelianza. Ya tatu: je, aliyekosea amepata zamu yake tena kabla mada haijabadilika, ndiyo au hapana. Kila safu inajibiwa kwa sikio peke yake. Hakuna mahali unapotakiwa kukisia kama mtoto “ameelewa”. Alama ya kusikia watu wawili huafikiana, alama ya kukisia kila mtu ana darasa lake kichwani. Kwa kila safu tumeandika mfano unaoingia na mfano unaofanana lakini hauingii. Huo wa pili ndio ulioondoa ubishi mwingi.

Tumerudia kuweka alama, kila mmoja kivyake, rekodi zilezile. Kapa ya safu ya kwanza na ya tatu zimeingia katika daraja ambalo Landis na Koch, 1977, waliliita “kubwa”, kati ya 0.61 na 0.80. Ya pili iko nyuma kidogo, na tofauti zilizobaki nyingi ni za mvua. Mvua ya Mwanza ikishuka juu ya mabati hakuna kinasa kitakachokuokoa, kipindi hicho andika “haisikiki” na uendelee. Nimefurahi sana, sifichi.

Na sasa jedwali linasema jambo ambalo lile la mwanzo lililificha. Pale mwalimu anapokata neno, anayejibu karibu kila mara ni kwaya, na safu ya tatu ni “hapana” mfululizo, hapana, hapana, hapana. Pale anapomtazama aliyekosea na kumwambia “Say it again” bila kuanza neno, kwaya inajizuia, au inanong’ona, na mtoto anajaribu. Mara nyingine anakosea tena. Lakini anasema yeye.

Kuhusu zana, kwa kuwa mmeniuliza. ELAN, programu ya kuweka alama kwenye rekodi, ya Taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, Uholanzi, ni ya bure na ni nzuri ajabu ukishajua makundi yako, kwa sababu kila alama inafungwa kwenye sekunde yake. Lakini kwa hatua ya kwanza, wakati bado hujui unatafuta nini, karatasi ya mistari na penseli inashinda. Kwenye kompyuta alama ikishawekwa inaonekana imekamilika, kwenye karatasi unafuta bila kuona haya. Programu za kunukuu sauti zenyewe tumezijaribu. Mtoto akichanganya Kiswahili na Kiingereza kwenye sentensi moja zinavuruga vyote viwili, na mbaya zaidi zinamsahihisha mtoto: amesema “go”, programu inaandika “goes”. Kwa utafiti wa makosa hiyo ni sumu. Nukuu kwa mkono.

Simu yenyewe watoto waliizoea. Mwanzoni waliinamia dawati la nyuma wakaisalimia. Ndilo fumbo la mwanaisimu William Labov, kwamba tunataka kujua watu wanavyozungumza wasipochunguzwa, na njia ya kujua ni kuwachunguza. Tuliiacha pale hata siku ambazo hairekodi, na rekodi za siku za mwanzo hatukuziingiza.

Mpango wa awali ulikuwa, baada ya kapa kukaa sawa, kulinganisha mikondo miwili: mmoja usahihishwe kwa kurudiwa sentensi, mwingine kwa kudaiwa, jaribio kabla na jaribio baada. Nimeuweka pembeni. Mikondo yetu haikugawanywa kwa kura, mmoja una vipindi vya asubuhi na mwingine vya saa nane mchana jua likiwaka, na vitu hivyo vinatosha kuzalisha tofauti ambayo ningeisingizia mbinu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mradi wa Pennsylvania kule Marekani ulilinganisha mbinu za kufundisha lugha kwa shule nyingi na pesa nyingi, ushindi uliotarajiwa wa mbinu mpya haukuonekana, na watafiti wakageukia kutazama kinachotendeka darasani badala ya jina la mbinu. Mimi na mikondo yangu miwili siwezi kufanya vizuri kuliko wao.

Halafu kuna kitu kimenivuta kabisa. Ukiitazama sauti ya kipindi katika Audacity unaona milima, na katikati ya milima karibu hakuna bonde. Swali likiisha, jibu limeanza. Mary Budd Rowe alipima masomo ya sayansi Marekani miaka ya 1970 akakuta walimu wanasubiri kama sekunde moja tu baada ya swali, na walipofika sekunde tatu au zaidi majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Kwetu nashuku ufupi huo ndio unaoita kwaya: hakuna mwenye nafasi ya kujiandaa peke yake, kwa hiyo wote wanajificha ndani ya wote. Ni nadharia-tete tu kwa sasa, lakini inapimika, maana tayari nina kofi, rekodi mbili na sekunde zake.

Kwa hiyo safu ya nne imeongezwa leo jioni: ukimya kati ya sahihisho na sauti ya kwanza, kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ukisomwa kwenye rekodi ya nyuma. Mwenzangu ameomba tuanze na vipindi vyake vya Kiswahili ili tuone kama kwaya inaitika vilevile kwa lugha ambayo watoto wanaimudu, na nimekubali, maana hilo sikuwa nimelifikiria. Jumatatu simu ya nyuma inahamia kwake. Wenye madarasa makubwa Magu, Sengerema au Ukerewe, chukueni safu hizi tatu mzijaribu kwenye rekodi zenu, kisha nitumieni ile mifano inayofanana lakini haiingii. Hiyo ndiyo ninayoihitaji zaidi.