Kuku hawajalala

Iringa, Jumapili, 4 Septemba 2016

Tangu Alhamisi kuna neno limenikwama kooni kama mwiba wa sato. Neno lenyewe ni "haya". Silo lile la aibu, ni lile la kuitikia. Ingawa hata hapo sina hakika, ndiyo maana ni saa sita usiku na bado nimekaa jikoni na kompyuta wakati Baba Neema anakoroma.

Safari ya Rujewa, kumpeleka baba yangu akatazame jua likipatwa, mnaijua, nimewachosha nayo hapa tangu Juni. Na yeye, Mzee, mnamjua: miaka 38 ya chaki, jiografia darasa la tano mpaka la saba, na kila mwaka somo lile lile la kibatari. Alikuwa anafunga madirisha ya darasa kwa magunia, anawasha kibatari mezani, hilo ndilo jua. Chungwa ni dunia. Ndimu ni mwezi. Anaipitisha ndimu polepole katikati mpaka kivuli chake kinakaa juu ya chungwa, halafu anauliza, "Jua likipatwa, nini kinatokea?" Sisi kwa sauti moja: "Giza linaingiaaa!" "Na kuku?" "Wanarudi bandaniii!" Mimi nilikaa dawati la pili na nilikuwa napiga kelele kuliko wote, kwa sababu kuku wenyewe walikuwa wetu.

Katika miaka yote hiyo yeye mwenyewe alikuwa hajaliona. Mwaka 2001 alikaribia. Tarehe 21 Juni jua lilikuwa linafunikwa lote Zambia, na Lusaka ilikuwa inapata dakika tatu na ushee za giza. Mzee alishapiga hesabu zote kwenye daftari: treni ya TAZARA kutoka Makambako hadi Kapiri Mposhi, kisha basi. Alishaomba na ruhusa kwa mwalimu mkuu. Halafu mimi nikachaguliwa kwenda kidato cha tano. Ada, godoro, ndoo, viatu jozi mbili. Siku ile ilipofika alikuwa Mafinga, ameinamia karai la maji uani, anatazama jua lililomegwa upande (msifanye hivyo, macho hayana spea). Hakusema lolote juu ya nauli. Mama ndiye aliyeniambia, miaka mingi baadaye, tena kwa kuropoka.

Kwa hiyo niliposikia kwamba tarehe mosi Septemba jua litapatwa hapa hapa nchini na Rujewa ndipo pazuri pa kutazamia, sikuuliza mara mbili. Nikaomba gari la shemeji, nikaomba siku mbili za ruhusa duka la dawa, nikatafuta miwani mbili za karatasi zile za kutazamia jua. Juma lenyewe lilikuwa na mambo yake: mkaguzi alikuja dukani Jumatatu, maandamano yaliyokuwa midomoni mwa kila mtu yakaahirishwa siku moja kabla, na Ijumaa tukamzika shangazi. Lakini mimi nimebaki pale pale uwanjani Rujewa, karibu na saa sita mchana.

Tulitoka Mafinga saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kung'ata meno. Mzee alivaa shati lake jeupe la sherehe na koti, chupa ya chai mapajani. Njiani alimweleza Neema habari za kuku. Nilisikia. Ningeweza kusema kitu pale Makambako tulipojaza mafuta, au pale Igawa. Sikusema.

Maana nilikuwa najua. Nilishasoma kila kilichoandikwa. Siku ile mwezi ulikuwa mbali nasi kidogo, kwa hiyo ulionekana mdogo kuliko jua: upana wake kama asilimia 97 tu. Ukikaa katikati ya jua haulifuniki lote, unabakiza duara jembamba la moto pembeni. Kupatwa kwa pete. Na uzi ule mwembamba wa jua unatosha kabisa kuufanya mchana ubaki mchana. Hakuna giza. Hakuna kuku bandani. Katika somo la Mzee ndimu siku zote ilikuwa ya ukubwa sahihi.

Rujewa palifurika. Wanafunzi wa sare za kila rangi, Wazungu na darubini zao za miguu mitatu, mama wa maandazi, vijana wenye vipande vya kioo cha kuchomelea vyuma, na vumbi la Usangu linaloingia mpaka kwenye fizi. Saa nne na robo hivi mwezi ulianza kuling'ata jua. Mzee alivua kofia. Alikaa kwenye kigoda tulichokuja nacho, akawa anatazama kidogo, anashusha miwani, anaandika saa kwenye karatasi, anatazama tena. Saa nzima na zaidi hivyo. Chini ya mwembe uliokuwa nyuma yetu mwanga uliopenya kwenye majani ulikuwa umemwaga hilali ndogo ndogo mamia kwa mamia ardhini, na Neema alikuwa anazikanyaga moja moja. Kibaridi kikapita. Mwanga ukapauka kama wa tochi ambayo betri zake zinachoka, lakini mpauko wa mchana, sio magharibi.

Halafu pete ikafunga. Uwanja mzima ulilipuka, vifijo, miluzi, mama mmoja akapiga vigelegele kama yuko harusini. Mimi nilikuwa nalia, nakiri. Nikageuka kumtazama Mzee.

Alikuwa ameshavua miwani. Hakuwa anatazama juu. Alikuwa anatazama ua wa nyumba iliyokuwa kando ya uwanja, ambapo mtetea mmoja mwekundu na vifaranga vyake walikuwa wanaparua taka bila habari na mtu.

"Kuku hawajalala," akasema.

"Hii ni ya pete, Baba. Giza haliingii."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Haya."

Basi. Akavaa miwani tena, akatazama mpaka pete ilipokatika, karibu dakika tatu zile zote, akaandika saa kwenye karatasi yake.

Nimeigeuza hiyo "haya" kila upande. Kuna haya ya "sawa, nimeelewa". Kuna haya ya "tuendelee na mengine". Kuna ile aliyokuwa anaitoa darasani ukikosea jibu, fupi, kabla hajamgeukia mwingine. Kuna na ile aliyomjibu daktari siku ya Mama. Nimemwuliza Dada Tumaini kwenye simu, akasema Mzee alikuwa amechoka na jua. Nimemwuliza Baba Neema, akasema, "Haya ni haya, mke wangu, zima taa."

Kinachonichoma ni swali lake kuliko jibu. "Ulijua?" Ningeweza kudanganya. Ningesema nami nimeshangaa, tukashangaa wote wawili, tukamcheka yule mtetea. Badala yake nikajibu upesi kama mwanafunzi wa dawati la pili, tena kwa kakiburi fulani, maana ndiyo, nilijua, nilisoma, na kusoma kwenyewe alinilipia yeye.

Sasa nikiandika hapa nimeanza kukasirika, sijui kwa nini. Mafuta nililipa mimi. Ruhusa imenitoka kwenye likizo yangu. Kama kilomita mia moja na hamsini kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, na malori ya Tunduma yakitupuliza pembeni! Mtu mwingine angesema ahsante, ni nzuri, hata kwa adabu tu. Ningemwambia mapema kwamba hakuna giza, angekuja? Namjua. Angesema, "Hiyo haijakamilika, tusubiri iliyo kamili," na angeisubiri akiwa na miaka 73. Inayofuata kupita kwetu ni Mei 2031, nayo ni ya pete vilevile. Nimehesabu. Atakuwa na 88.

Na ukweli ambao sikuuandika kwenye zile posti za Juni zenye mbwembwe ni kwamba nilitaka niwe mimi wa kuilipa Lusaka. Nilitaka deni liishe. Ukiwa na haraka ya kulipa huulizi kama noti yenyewe ni ile ile.

Nikakumbuka kitu kingine hapa, nikacheka peke yangu mpaka Baba Neema akageuka kitandani. Wakati tunakunja kigoda alikuja mtoto wa kiume, labda darasa la nne, anamwomba Mzee miwani maana jua bado lilikuwa limemegwa. Mzee akampa. Mtoto akatazama, mdomo wazi. Mzee hakuweza kujizuia, mwalimu ni mwalimu. "Haya, jua likipatwa nini kinatokea?" Mtoto akafikiri, akasema, "Shule inafungwa." Mzee alicheka! Alicheka mpaka akashika kiuno, akampa na maandazi mawili, na miwani yenyewe akamwachia. Miwani ile nilihangaika nayo wiki tatu.

Hiyo "haya" ya pili ndiyo inayonitatiza zaidi. Ilikuwa sauti ile ile kabisa.

Leo baada ya ibada kanipigia. Nikajua sasa ndiyo, sasa anasema. Akauliza chupa yake ya chai iko wapi, ile nyekundu, nikamwambia ipo kwenye gari la shemeji. Akauliza msiba wa shangazi umeacha deni lolote, nikamwambia hapana. Kisha akauliza ile pete ilikaa dakika ngapi, maana karatasi yake ameilowesha. Nikamwambia zilikuwa karibu tatu.

"Lusaka zilikuwa tatu na ushee," akasema, akakata simu.

Kesho nitapitia chupa kwa shemeji, ingawa huko nako kuna la kueleza, maana tangu tutoke Rujewa gurudumu la mbele kushoto linalia nikikata kona. Na kabla sijafungua kompyuta nimekuta ujumbe wa mwenye nyumba: "Mama Neema habari za Jumapili. Jumatatu jioni nitapita tuongee kidogo." Miaka sita tumekaa hapa hajawahi kutaka tuongee kidogo. Kodi nimeshalipa mpaka Desemba, risiti ninayo, iko kwenye kabati la vyombo, nimeenda kuiangalia mara mbili.