Camaro ya 1969 na LS3: punguza uzito wa pua, linda oili
Ukiitaka Camaro ya 1969, gari la Chevrolet, ikate kona vizuri kwenye saketi ya mbio, anza na uzito wa mbele. Injini yake ya zamani, V8 ndogo (silinda nane) ya chuma tupu, ina takriban kilo 260. LS3, injini mpya zaidi ya Chevrolet ya alumini, lita 6.2 na nguvu ya farasi 430, ni kama kilo 190. Ongeza boneti ya faiba na betri ihamie kwenye buti. Utaisikia tofauti kwenye usukani.

Sasa oili, ndipo injini nyingi zinapofia. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu ya oili inavuta hewa, presha inaanguka na beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na kranki, zinaungua. Funga sampu yenye kuta na vimlango vya ndani vinavyoizuia oili isikimbie. Jamani, msibanie hela hapa!

Pampu ya petroli ya zamani hutoa presha ya psi 5 hadi 7 tu. LS3 inataka 58, kwa hiyo weka pampu ya umeme ndani ya tangi. Breki za ngoma za nyuma toa, funga diski.