Katika Nyumba ya Dekano, Kraków

Leo nimeshinda katika nyumba namba 21 ya mtaa wa Kanonicza, chini ya kilima cha Wawel mjini Kraków, Polandi, ambayo zamani ilikuwa makazi ya dekano, yaani mkuu wa makanoni (mapadre wanaohudumu katika kanisa kuu). Ilijengwa upya miaka ya 1580, na kazi hiyo huhusishwa na Santi Gucci, mchongaji wa Kiitalia. Kilichonishika zaidi ni ua wa ndani, wenye matao yaliyobebwa na nguzo za mawe ambazo nakshi zake, ukizisogelea, zinaonyesha kingo zilizolika. Karol Wojtyła, baadaye Papa Yohane Paulo II, aliishi humu kuanzia 1958 hadi 1967. Maandishi ya Kilatini mlangoni yanawaamuru wasio watakatifu wakae mbali. Mimi nilikata tiketi nikaingia.