Jiko gani vilimani Irangi?

Barabara ya Dodoma hadi Kondoa ni lami mwanzo mwisho, kwa hiyo ya Mayamaya na Chemba sitayasimulia. Tulishuka Kondoa mjini na mabegi mgongoni, watu kumi na mmoja, tukikusudia kutembea vilima vya Irangi mpaka Kolo kwenye michoro ya miambani.

Ubishi wa jiko gani tubebe ulianzia sokoni. Kaka mmoja mwenye mgahawa pale Dodoma alitaka tubebe mtungi wa gesi wa kilo 6, ule unaofungwa kichwa cha jiko juu yake. Hoja zake zilikuwa nzuri: moto wa papo hapo, sufuria haishiki masizi, na serikali yenyewe inataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sawa, kaka. Ila hizo kilo 6 ni za gesi tu, chuma bado hujakipima. Tukaulizana nani ataubeba, kila mtu akaanza kukaza kamba za viatu. Na hata angepatikana wa kuubeba, jaribu kusonga ugali wa watu kumi na mmoja juu ya mtungi. Uko juu, kitako chembamba, sufuria pana na haina mikono. Ukikaza mwiko, vyote vinazunguka na wewe.

Tukaondoka na jiko la pampu la mafuta ya taa, pamoja na kijijiko cha gesi ya kopo alichokuja nacho mwenzetu wa Arusha. Hicho cha Arusha kinaingia kwenye kiganja na kinachemsha chai haraka, lakini ukikitwisha sufuria kubwa kinayumba. Tukakifanya cha chai na uji, basi.

Jiko la pampu ndilo nililolipenda. Aina hii ilibuniwa Sweden mwaka 1892 na Frans Wilhelm Lindqvist, na mpaka leo linataka adabu ile ile. Unamimina spiriti kidogo kwenye kikombe chini ya kichwa chake, unaiwasha, unasubiri. Wenye haraka hupampu mapema, mafuta yakatoka mabichi, moto mwekundu ukaruka na sufuria ikawa nyeusi tii. Ukiwa na subira, kichwa kinapata moto, mafuta yanageuka mvuke kabla hayajatoka, na moto unakuwa wa bluu, unanguruma kama cherehani.

Adui alikuwa upepo. Kiangazi huku upepo ni mwenyeji, sisi ndio wageni. Jiko la pampu tuliliweka katikati ya mawe, tukalikinga kwa kipande cha bati la debe. Kwa gesi ya kopo usifanye hivyo. Ukilizungushia bati pande zote, joto linarudi kwenye kopo lenyewe, nalo linaweza kupasuka. Hilo la gesi likinge upande unakotoka upepo tu, kwingine acha wazi.

Dada mmoja alikuwa amebeba maharage. Tulimheshimu, hatukuyapika. Dodoma mjini tu, mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na huku vilimani yanachemka chini zaidi ya hapo. Maharage yangetumalizia mafuta. Choroko ndizo zilizotufaa: asubuhi unazitia kwenye chupa ya mdomo mpana na maji, unatembea nazo mgongoni, jioni zimeshalainika. Wali nao tuliupika nusu. Ukianza kukauka unafunika, unaufunga kwa kitenge na masweta, unaingiza sufuria ndani ya begi la kulalia. Unamalizikia humo wenyewe huku jiko likipika mboga.

Lakini mfalme wa safari alikuwa mlenda mkavu wa kusaga, ule wa Kigogo. Ni mwepesi, hauozi. Chemsha maji, nyunyiza, koroga, tia chumvi na karanga za kusaga. Waliotoka Dar walikunja uso siku ya kwanza. Baadaye wakawa wanagombania upawa.

Kolo tuliomba kulala uani kwa bibi mmoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Na hicho kinachonguruma kinapika nini?"

"Ugali, bibi."

Akatazama sufuria, akatutazama sisi, akatuonyesha mafiga yake. Alikuwa na haki. Kwa ugali wa kundi sijaona kinachoyashinda: sufuria imekaa chini, haitikisiki, kijana mmoja anaibana kwa miti miwili, mwingine anasonga unga wa uwele kwa mikono yote. Kuni alitupa mwenyewe, matawi makavu ya shambani kwake. Porini tusingeokota hovyo, na kwenye nyasi kavu cheche moja inatosha kuunguza kilima.

Mungumi wa Kolo, penye pango la michoro, tulipanda na mwongozaji, na huko hakuna kuwasha kitu. Moshi na masizi ni sumu kwa michoro ile ya rangi nyekundu, ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Watu wa hapa bado wanafanya matambiko pangoni, kwa hiyo si mahali pa kugeuza jiko. Tulikula kiporo cha wali na karanga, tukashuka.

Vyombo tulisugua kwa majivu na mchanga, maji yakabaki ya kunywa. Sasa kundi linataka kupanda mlima Hanang, zaidi ya mita 3,400, na maji utabeba kutoka chini. Nimeshawaambia: majiko ya pampu mawili, mlenda wa kutosha, na dada aache maharage nyumbani. Amekubali, ila anadai kuna mtu atabeba mtungi.