Bugaluu la mtumba

Jamani mnaoniuliza hili bugaluu, yaani suruali pana kuanzia gotini kushuka chini, nimelitoa duka gani, hakuna duka, ni mtumba wa soko la Sabasaba hapahapa Dodoma na fundi cherehani wa mtaani. Tafuta jinzi la kiume, zito, yale ya kuvutika hayakai kabisa, na kiuno kipande mpaka kitovuni kama walivyokuwa wanavaa wazee miaka ya 70. Fundi anafumua mshono wa nje kuanzia gotini kushuka chini, anapachika pembetatu ya jinzi jingine kuukuu, mi nilimwambia aweke lililopauka zaidi ndo raha yake. Sindano namba 16, uzi wa rangi ya dhahabu, ule mweusi unaua kila kitu.

Halafu jinzi limefumwa kwa nyuzi za bluu na nyeupe, ndo maana likichakaa weupe unatokea wenyewe, sasa kuna watu wanasugua msasa mpaka linatoboka, ya nini jamani? Juu chomekea shati jeupe, mkanda mpana, basi. Ila pindo lisiguse chini, kwa vumbi la huku utafagia Majengo nzima 😂